Kuacha Kazi na Kwenda Kusomea Udaktari Ng'ambo: Maelezo kwa Wakazi wa Gesima

Maelezo haya yaliandaliwa kwa wazazi, walimu na vijana wa wadi ya Gesima, kaunti ndogo ya Masaba Kaskazini. Yamechapishwa hapa kama yalivyosomwa.

 

Mazungumzo ya jambo hili mara nyingi huanza jikoni, jioni, chai ikiwa imeshapimwa na watu wamerudi kutoka kituo cha kununulia majani. Kijana, ambaye si kijana tena bali ni mwalimu au karani wa miaka 32 au 35, anamwambia baba yake: "Tata, nimepata nafasi ya kusomea udaktari." Mzee anauliza, "Wapi?" Anajibiwa China, au Urusi, au kisiwa fulani ambacho hakuna mtu nyumbani amewahi kukisikia. Mzee ananyamaza. Swali la pili huwa moja katika kila boma: "Ni pesa ngapi?" Na kabla ya mwezi kwisha, mtu ameshaanza kupima shamba.

Kwa sababu ya shamba hilo, inafaa jambo hili lisemwe hadharani. Ardhi ya Gesima ni vipande vidogo vilivyogawanywa na mababu, wakagawana tena baba na wana. Kikiuzwa kipande hakirudi. Shahada ikirudi bila kutambuliwa, familia imepoteza vyote viwili.

Hamu yenyewe si ya ajabu wala si ya kuchekwa. Nchi ya Abagusii iliheshimu waganga wa mwili kabla hospitali hazijajengwa. Omobari alikuwa akimpasua kichwa mtu aliyepigwa rungu au aliyeumwa kichwa kwa muda mrefu baada ya kuanguka; aliondoa mfupa uliovunjika, akafunga, na wagonjwa wengi waliishi. Madaktari wa kigeni walikuja katika karne ya 20 wakaandika juu ya kazi hiyo kwa mshangao. Kuna jambo moja la ababari linalohusu habari ya leo. Omobari hakuwa na cheti ukutani, lakini kila mtu alijua alijifunza kwa nani, alikaa miaka mingapi akishika vifaa kabla ya kukabidhiwa kisu, na wagonjwa wake walikwendaje. Jamii yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimthibitisha. Siku hizi kazi hiyo ya kuuliza "ulijifunza kwa nani?" imewekwa na sheria mikononi mwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambalo kwa kifupi huitwa KMPDC. Sheria yake ni Sura ya 253 ya Sheria za Kenya, na imekuwa ikifanya kazi tangu 1978. Anayetibu kama daktari bila kusajiliwa na Baraza hilo anatenda kosa, hata kama amesoma miaka sita na ana picha za mahafali.

Wapo waliobadilisha kazi wakawa madaktari, na wengine wamo katika vitabu vya historia. Albert Schweitzer alikuwa mwalimu wa dini na mpiga kinanda mwenye jina kubwa alipoanza kusoma udaktari mwaka 1905, akiwa na miaka 30. Mwaka 1913 alifika Lambaréné, katika nchi inayoitwa sasa Gabon, akaanzisha hospitali. Miaka 30 haikumzuia. Lakini yeye alisoma Strasbourg, mjini alikokuwa akifundisha, na hakuvuka bahari kutafuta darasa.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Gesima ni wa Kamuzu Banda, yule aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Malawi. Watu wengi wanamkumbuka kwa siasa, na siasa zake zina mengi ya kulaumiwa, ila hapa linahitajika tu lile la masomo. Banda alitoka Nyasaland akiwa kijana, akatembea kwenda kusini kutafuta kazi, akafika migodi ya dhahabu karibu na Johannesburg. Alifanya kazi mgodini kwa miaka kadhaa. Mwaka 1925 aliondoka kwenda Marekani kwa msaada wa watu wa kanisa. Alianza na shule ya sekondari, akaenda chuo kikuu, akapata shahada Chicago mwaka 1931, na hatimaye akaingia chuo cha udaktari cha Meharry kilichoko Nashville, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Alihitimu mwaka 1937. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote kwa uhakika, lakini wengi huutaja kuwa karibu 1898, kwa hiyo alikuwa anakaribia miaka 40.

Mtu angedhani hapo safari imekwisha. Daktari, shahada mkononi, sasa arudi nyumbani kutibu watu. Hapana. Nyasaland ilikuwa koloni la Uingereza, na shahada ya Marekani haikumruhusu kutibu katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Banda akavuka bahari tena, akaenda Scotland, akakaa darasani upya pamoja na vijana, akapata kibali cha Kiingereza mwaka 1941. Miaka minne zaidi, kwa sababu ya karatasi. Na nyumbani kwenyewe hakufika hadi Julai 1958, baada ya kutibu watu Uingereza na kuishi Gold Coast.

Wakoloni wameondoka, lakini utaratibu huo haukuondoka nao, na kusema kweli si utaratibu mbaya. Kila nchi ina haki ya kumuuliza daktari alisoma wapi. Ubaya ni kujua swali hilo baada ya kuuza shamba.

Basi swali la kwanza kwa mtu yeyote anayefikiria safari hii lisiwe la karo. Liwe hili: cheti changu cha KCSE kinasemaje? Hapa ndipo watu wazima wengi hukwama, na wengi hawajui kwamba wamekwama mpaka wanaporudi. Ili mtu akubaliwe Kenya kuwa daktari, Baraza huangalia alivyofaulu sekondari: wastani wa C+ na C+ katika masomo ya msingi ya kazi hiyo, yaani Biolojia, Kemia, Fizikia au Hisabati, na Kiingereza au Kiswahili. Vyuo vingi vya ng'ambo havijali. Vinaweza kumpokea mtu mwenye D+ ya Kemia, vikampa mwaka mmoja wa maandalizi, vikapokea karo yake miaka sita na kumpa shahada halali kabisa katika nchi hiyo. Chuo hakikumdanganya. Hakikuulizwa kama Kenya itamkubali, na yeye hakuuliza Kenya.

Mtu aliyemaliza sekondari miaka 15 iliyopita, akasomea ualimu wa Historia na Dini, akawa hakufanya Fizikia wala hakufanya vizuri Kemia, njia haijafungwa. KNEC inaruhusu mtahiniwa wa kibinafsi kurudia KCSE. Ni jambo la aibu kidogo kwa mwalimu mkuu msaidizi kuketi mtihani mmoja na wanafunzi wake, hilo linaeleweka. Lakini ada ya kurudia mtihani na mwaka mmoja wa kusoma usiku ni ndogo mno ukilinganisha na miaka sita ya karo ya dola. Tena mwaka huo humwonyesha mtu kama kweli bado anaweza kukaa na kitabu cha Kemia baada ya siku nzima ya kazi. Wako watakaogundua kwamba hawawezi, na watakuwa wamegundua wakiwa hapa hapa Gesima, kazi yao bado ipo na shamba bado lipo. Wenye diploma za afya, kwa mfano wauguzi na maafisa wa kliniki, wanaangaliwa kwa masharti yao. Wayaombe Baraza kwa maandishi.

Swali la pili ni la chuo. Iko orodha ya kimataifa ya vyuo vya udaktari ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama katika intaneti bila malipo, na mawakala hupenda kuionyesha. "Chuo chetu kimo, tazama." Kuwamo katika orodha hiyo kunaonyesha tu kwamba chuo kipo na kinatambuliwa na serikali ya nchi yake. Hakuonyeshi kwamba masomo yake yamekaguliwa na kukubaliwa na Kenya. China, kwa mfano, ina vyuo vingi sana vya udaktari, lakini ni vile vichache tu vilivyoruhusiwa na wizara yao ya elimu vinavyoweza kufundisha wageni udaktari kwa Kiingereza. Mtu akienda kwenye chuo kisichoruhusiwa, shahada yake ina kasoro hata huko huko China. Kwa hiyo jina la chuo lipelekwe KMPDC kabla ya karo kulipwa, na jibu liwe barua au barua pepe. Maneno ya simu hayafai, na maneno ya binamu anayemjua mtu aliyesoma huko hayafai kabisa. Mwombaji aulize pia kama anapaswa kuandikishwa na Baraza kama mwanafunzi kabla ya kuondoka. Ni vyema Baraza limfahamu tangu mwaka wa kwanza kuliko limwone kwa mara ya kwanza mwaka wa saba. Utambuzi wa shahada yenyewe ya nje unahusu taasisi nyingine, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo, na barua kwa kila moja inagharimu muda tu.

Zipo nchi ambako ugumu huu ni mdogo. Mabaraza ya madaktari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hukagua vyuo vya nchi wanachama pamoja na kutambuana. Aliyesoma katika chuo kilichokaguliwa na kukubaliwa Uganda au Tanzania ana njia fupi zaidi ya kurudi kuliko aliyesoma mbali. Kozi Uganda ni miaka mitano. Tanzania ni miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini. Nauli ni ya basi. Mtu akifiwa, anafika mazishini. Na wagonjwa anaowaona wodini wanafanana na wa Nyamira: malaria, kifua kikuu, mama aliyechelewa kufika kujifungua, mtoto mwenye kichomi. Kabla ya 1967, Nairobi ilipoanzisha chuo chake cha udaktari, madaktari wengi wa Kenya walifunzwa Makerere, na hakuna aliyewaita madaktari nusu. Hata hivyo, si kila chuo kilicho Uganda kimekubaliwa kila mwaka. Kuuliza kunabaki pale pale.

Hesabu ya miaka ifanywe kwenye karatasi, si kichwani. Chukua mfano wa mwalimu wa miaka 34 anayekwenda Urusi. Mwaka mmoja wa kujifunza lugha: 35. Miaka sita ya kozi: 41. Anarudi, anaomba kutambuliwa, anakaa mtihani wa Baraza ambao waliosoma nje hutakiwa kuufanya kabla ya kuanza mafunzo ya kazini, anasubiri nafasi. Tuseme mwaka mmoja, akiwa na bahati: 42. Kisha miezi 12 ya mafunzo ya kazini hospitalini: 43. Hapo ndipo anasajiliwa. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60. Amebakiwa na miaka 17, na akitaka kuwa bingwa wa upasuaji au wa watoto atatoa minne au mitano katika hiyo 17. Kwa mtu mwingine miaka 17 ya kazi anayoipenda inatosha sana. Kwa mwingine, mwenye watoto watatu wanaoingia sekondari katika miaka hiyo hiyo ya 35 hadi 42, hesabu inasoma tofauti. Jibu ni la kila nyumba, ilimradi mke au mume awepo karatasi inapoandikwa.

Kusubiri nafasi ya mafunzo ya kazini si jambo dogo. Wakazi wanakumbuka mgomo wa madaktari uliodumu tangu katikati ya Machi hadi Mei 2024. Suala la madaktari wanagenzi, kupangiwa kwao vituo na malipo yao, lilikuwa katikati ya mgomo huo. Makubaliano ya 2017 yalitaja shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000, na mvutano uliendelea hadi mwisho wa mwaka huo ndipo ukapatikana mwafaka. Aliyekopa pesa za chama akiahidi kuanza kulipa "nikimaliza tu" ajue kwamba kumaliza kozi na kuanza kulipwa ni siku mbili zilizo mbali.

Ufadhili nao unawabana watu wazima kuliko wanavyodhani. Ufadhili wa serikali ya China kwa shahada ya kwanza ni wa walio chini ya miaka 25, na udaktari huhesabiwa shahada ya kwanza hata kama mwombaji tayari ana shahada ya ualimu. Ule wa Uturuki ni wa walio chini ya miaka 21. Chuo cha Amerika ya Kilatini cha Havana, kilichofunguliwa na Cuba mwaka 1999 na ambacho kimewasomesha bure vijana wa nchi nyingi, nacho huchukua hadi miaka 25. Kwa hiyo wakala anayemwambia mama wa miaka 36 kwamba amemtafutia "skolaship kamili ya udaktari" aombwe barua yenye sharti la umri. Mkopo wa HELB umetengenezwa kwa vyuo vya hapa na vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Anayekwenda mbali zaidi asiutegemee. Basari ya wadi ni ya kupunguza karo, na hakuna familia inayopaswa kupanga miaka sita ya ng'ambo juu yake.

Inabaki mfuko wa familia, na mfuko huo hupimwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilinunuliwa kwa takribani shilingi 113. Mwanzoni mwa 2024 ilipita 160. Baadaye mwaka huo ikashuka hadi karibu 129. Chuo kikidai dola 4,000 kwa mwaka, huo ni mfano tu, mzazi aliyepanga shilingi 452,000 alijikuta akitafuta 640,000, na karo haikupanda hata senti. Ni kweli chai nayo huuzwa Mombasa kwa dola, na wakulima huliona hilo kwenye bonasi. Ila bonasi huja mara moja kwa mwaka, na chuo hakingoji Oktoba. Ongeza bweni, bima, kibali cha kuishi kinachofanywa upya kila mwaka, nguo za baridi, nauli.

Kuhusu kuuza ardhi, sheria imeweka vizuizi viwili ambavyo watu huviona kama usumbufu. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na nyumba au shamba la familia haliuzwi bila idhini ya mke au mume. Mama anayeitwa mbele ya Bodi ana haki ya kuuliza kila kitu kilichotajwa hapa: cheti cha KCSE kiko wapi, barua ya Baraza iko wapi, chuo kinadai nini mwaka wa nne. Akijibiwa "hayo wewe huyaelewi", asitie sahihi. Wapo waliokodisha majani ya chai kwa miaka michache badala ya kuuza udongo, na ingawa kodi ni ndogo, mwana akishindwa mwaka wa pili, shamba bado lina mwenyewe.

Pesa zenyewe zilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, muhula kwa muhula, na risiti itoke chuoni. Kenya imeona yaliyotokea pesa zinapopita mikononi mwa mtu wa kati. Mpango wa kupeleka wanafunzi Finland na Canada kupitia kaunti ya Uasin Gishu ulianza na matumaini makubwa mwaka 2021. Wazazi walilipa kwenye akaunti ya mpango, si kwa vyuo. Kufikia 2023 wanafunzi wengine walikuwa wakitishiwa kufukuzwa kwa kutolipiwa karo, wengine walikuwa hawajasafiri, na wazazi waliandamana Eldoret. Jambo hilo likafika mahakamani, na ni mahakama itakayosema nani ana hatia. Mzazi wa Gesima hahitaji kungoja hukumu ili aamue akaunti ya kulipia.

Kuna mambo yasiyopangika pia. Vyuo vya Ukraine vilikuwa vya bei nafuu na vilivutia Waafrika wengi, Wakenya wakiwamo, hadi tarehe 24 Februari 2022 vita vilipoingia. Wanafunzi walitoka Kharkiv na Sumy kwa treni na kwa miguu kuelekea Poland, Hungary na Romania, wengine wakiwa mwaka wa tano. China ilifunga mipaka yake mwishoni mwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na wanafunzi waliokuwa wamerudi nyumbani likizo walikaa zaidi ya miaka miwili wakisoma kwa simu. Anatomia inaweza kusomwa kwa simu kwa shida. Kushika tumbo la mgonjwa na kujua ini limevimba hakusomwi kwa simu. Hakuna aliyeweza kuyaona mambo hayo mapema, lakini mtu anaweza kuuliza kabla: chuo kikifungwa, alama zangu zinahamishika kwenda wapi?

Lugha inastahili neno pia. Darasani China masomo yanaweza kuwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa wa Wuhan haumwi kwa Kiingereza. Kuanzia mwaka wa nne mwanafunzi yuko wodini, na vyuo vingi humtaka awe amepita mtihani wa Kichina, HSK kiwango cha nne, kwa sababu asiyemwelewa mgonjwa husimama nyuma ya kundi na kuandika anachoambiwa. Hivyo ndivyo mtu hurudi na alama nzuri na mikono isiyozoea kazi. Anayekwenda akiwa na miaka 35 ajipe miezi ya lugha kabla ya ndege, kwani kichwa cha miaka 35 hujifunza, ila hujifunza polepole na kwa kurudiarudia. Likizo zake pia, akiweza, aombe kuzipitisha katika hospitali ya nyumbani. Milima ya Kisii na Nyamira ina malaria yake ya kuja kwa vishindo baada ya mvua, na aliyefunzwa katika mji wa theluji anaweza kufika mtihani wa Baraza akiwa ameiona vitabuni tu.

Upande wa kazi anayoiacha: mwalimu asiondoke tu. TSC huhesabu kutoroka kazi kuwa kosa la nidhamu, na jina lililotiwa doa hapo humfuata. Aombe likizo ya masomo kwa maandishi. Akinyimwa, ajiuzulu kwa utaratibu na notisi, ili masomo yakishindikana awe na mlango wa kurudia.

Na kabla ya yote hayo, mtu ajiulize anachotaka ni kutibu watu au ni kuitwa daktari. Swali hilo si la dharau. Hapa Gesima kila anayevaa koti jeupe huitwa daktari, na wagonjwa wengi wanaofika kituoni hupokewa na afisa wa kliniki ambaye alisoma diploma ya miaka mitatu ndani ya Kenya, akasajiliwa na Baraza la Maafisa wa Kliniki chini ya sheria ya 2017, na ambaye hushona jeraha, hutibu malaria kali na kumpeleka Nyamira yule anayemzidi. KMTC ina kampasi Nyamira na Kisii. Mwalimu wa miaka 34 akiingia huko hulala nyumbani wakati wa likizo, huanza mafunzo ya kazini akiwa na 37, na akiwa bado ana njaa ya kusoma anaweza kuendelea na shahada, iwe ya kliniki au ya udaktari, akiwa tayari na mshahara na leseni. Wapo wazee watakaosema hiyo ni kumshusha mtoto. Mama aliyeletwa kwa pikipiki saa nane za usiku akivuja damu hajali cheo cha anayemfungulia mlango.

Kwa anayeamua kwenda ng'ambo hata hivyo, na wapo watakaoamua na kufaulu, bahasha yake iwe na haya kabla ya tiketi kununuliwa: cheti cha KCSE, barua ya KMPDC juu ya chuo, barua ya kukubaliwa iliyotoka chuoni na si kwa wakala, mpangilio wa karo wa miaka yote, sharti la lugha, na karatasi ile ya hesabu ya miaka iliyotiwa sahihi na wote wa nyumba. Nakala moja ibaki kwa mama. Ofisi za KMPDC ziko Nairobi, Woodlands Road karibu na Lenana Road, na maswali hupokewa pia kwa barua pepe. Ambaye cheti chake cha KCSE kimepotea au kiliungua aanze na hilo sasa, kwa sababu barua ya KNEC ya kuthibitisha matokeo haitoki kwa siku moja, na bila hiyo hakuna ofisi nyingine itakayofungua faili.